Korosho ghafi, rehani ya mikorosho na swali la ukoloni: jibu kwa msomaji wa Tandahimba

"Mtaalamu, shikamoo. Baba yangu ana mikorosho ya ekari sita hivi huku Tandahimba, Mtwara. Msimu uliopita aliuza ghafi kupitia AMCOS, chama chetu cha ushirika. Bei ya mnadani ilikuwa shilingi 3,200 kwa kilo kabla ya makato, na malipo yalichelewa wiki kadhaa. Nilipokwenda Dar es Salaam nikaona dukani pakiti ya gramu 250 ya korosho zilizokaangwa inauzwa shilingi 10,000, yaani 40,000 kwa kilo. Mdogo wangu aliye chuoni anasema sisi bado ni koloni, kwamba Wahindi na Wavietnam wanatunyonya kama walivyofanya Wajerumani na Waingereza, na kwamba dawa ni serikali kupiga marufuku kuuza ghafi. Wenzangu ishirini hapa kijijini wanataka tukope, tununue mashine za kubangulia. Na sasa amekuja mtu, si mgeni bali jirani wa kata ya pili, anataka kumpa baba shilingi 1,500,000 taslimu ili mwezi Oktoba baba ampe kilo 1,000. Zikipungua, mikorosho ikae kwake rehani kwa miaka mitano. Baba anadaiwa ada za wadogo zetu na ameanza kulegea. Je, ni kweli tunanyonywa? Tufanye nini?"

Marahaba, ndugu msomaji. Umeuliza maswali matatu yaliyofungwa katika furushi moja: la historia, la biashara na la nyumbani kwenu. Kwa kuwa la nyumbani ndilo lisilongoja, acha nilijibu kwa ufupi kwanza: baba asitie saini wala asipokee fedha hizo kabla hajaonana na mmoja wa watu nitakaowataja huko chini. Sababu zake zitaeleweka vizuri tukishapitia mengine, maana jirani yenu wa kata ya pili na mnunuzi aliyeko ng'ambo ya bahari wanatumia nguvu ya aina moja.

Tuanze na bei ya dukani, kwa sababu hapo ndipo hasira nyingi huzaliwa na hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Ukiweka 3,200 kando ya 40,000 unaona zaidi ya mara kumi na mbili, lakini hivyo ni vitu viwili tofauti. Sehemu kubwa ya uzito wa korosho ghafi ni ganda. Ili upate kilo moja ya korosho karanga, yaani iliyobanguliwa na kumenywa utando, unahitaji kilo nne hadi nne na nusu za ghafi, kutegemea ubora wake. Ndani ya ile kilo ya shilingi 40,000, basi, mna ghafi ya shilingi 12,800 hadi 14,400 kwa bei ya mnadani, na pengo la kweli ni karibu mara tatu. Humo ndani mna usafiri, ghala, mishahara ya wabanguaji, umeme, punje zilizovunjika ambazo huuzwa kwa bei ya chini, riba ya benki, vifungashio, kodi na faida ya mwenye duka. Wapo wanaovuna humo kupita jasho lao, lakini si kweli kwamba kila shilingi iliyomo imeibwa kwa baba yako.

Nje ya nchi pengo ni refu zaidi. Ripoti ya mwaka 2021 ya UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, kuhusu korosho ilionyesha kwamba korosho karanga zilizotoka India kwenda Umoja wa Ulaya ziliuzwa kwa takribani mara tatu na nusu ya bei aliyolipwa mkulima wa Ivory Coast, na zilipokwisha kukaangwa na kufungashwa huko Ulaya bei ikapanda tena zaidi ya mara mbili. Sehemu nono iko kwa mkaangaji, mwenye nembo na mwenye duka. Mwenye kiwanda cha kubangua, awe wa Vietnam au wa India, mara nyingi anaishi kwa faida nyembamba kwa kila kilo na anategemea wingi wa mzigo. Jambo hili liweke akilini, kwa sababu kikundi chenu kinataka kuingia mahali penye faida nyembamba kuliko pote.

Sasa historia. Mdogo wako hakosei anaposema kwamba kusini kulipangwa kuwa mahali pa kuchota. Vita ya Majimaji ilianzia katika vilima vya Matumbi, Kilwa, mwaka 1905, watu walipochoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu kwa ajili ya Wajerumani. Mwaka 1947 Waingereza, waliokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, walianzisha mpango mkubwa wa karanga na kuifanya Nachingwea kuwa moja ya sehemu zake, pamoja na Kongwa na Urambo. Kwa ajili ya karanga hizo ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Mpango ulikufa mwaka 1951, hasara ikaandikwa kuwa paundi milioni 36, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Hata mifupa ya mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) ya Tendaguru, Lindi, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913, ilipelekwa kwa vichwa vya wapagazi hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa kwenda Berlin, na huko iko hadi leo. Ukitazama njia zote hizo unaona zilitoka shambani au machimboni kwenda baharini moja kwa moja, bila kupita katika karakana yoyote.

Baada ya hapo siwezi kuendelea na mdogo wako. Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna takribani tani 145,000 za korosho, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Watu walihamishiwa katika vijiji vilivyopangwa na kuiacha mikorosho yao mbali, vichaka vikaifunika. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo kiasi kwamba kupalilia hakukulipa. Ugonjwa wa ubwiriunga, ukungu mweupe unaoshambulia maua na majani, ukamalizia kazi. Katika miaka hiyohiyo, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, Italia na Japani, tulijenga viwanda 12 vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani laki moja kwa mwaka, vikakamilika wakati mavuno yanakauka. Mashine zilivunja punje nyingi, vipuri vilitaka fedha za kigeni ambazo hazikuwapo, na deni likabaki. Vingi vya viwanda hivyo viliishia kuwa maghala. Wakopeshaji wana lawama yao, kwani waliuza mashine bila kujali kama zitapata malighafi, ila uamuzi wa kuwaondoa watu karibu na mikorosho yao haukutoka London wala Berlin.

Isitoshe, hao wanaobangua korosho zetu leo nao walitawaliwa. India ilipata uhuru mwaka 1947, na Vietnam ilitawaliwa na Ufaransa na kupigana vita hadi mwaka 1975. Hii haifuti madhara ya ukoloni, lakini inatulazimisha kuuliza ni kitu gani hasa kinachomweka mtu chini sasa, wakati bendera ya kigeni imeshushwa zamani.

Kwa maoni yangu, kitu hicho ni uwezo wa kusubiri. Tazama mwaka wa mkulima wa Tandahimba. Fedha za korosho huingia kati ya Oktoba na Februari. Kuanzia Machi mfuko unapungua. Kufika Mei na Juni kinakuja kipindi cha kupulizia salfa, dawa ya ubwiriunga, halafu palizi ya kusafisha mashamba, na ada hazina msimu. Mtu mwenye fedha taslimu mwezi Mei anakutana na mtu mwenye shida mwezi Mei, na bei wanayokubaliana haina uhusiano na thamani ya korosho, bali na ukubwa wa shida. Hiyo ndiyo kangomba, yaani kununua korosho za mkulima kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi. Hufanywa na Mmakonde kwa Mmakonde mwenzake, na Mmwera kwa Mmwera mwenzake, wala hakuna ubeberu wa nje unaohitajika ili itokee.

Panda ngazi moja uone jambo hilohilo. Korosho zetu huingia sokoni wakati mavuno ya India, Vietnam na Afrika Magharibi yamekwisha, kwa kuwa wao huvuna kuanzia Februari hivi. Viwanda vya huko vinakuwa na njaa ya malighafi, na hiyo ni nguvu yetu kubwa ambayo haisemwi vya kutosha. Lakini mbanguaji wa hapa nyumbani, ili kiwanda chake kifanye kazi mwaka mzima, anapaswa kununua ghafi ya miezi kumi na miwili katika miezi mitatu ya minada, kwa mkopo wa shilingi ambao riba yake huzunguka asilimia 15 kwa mwaka, huku mshindani wake wa ng'ambo akikopa kwa riba ndogo zaidi na kujaza ghala kwa mizigo ya mabara mawili. Mbanguaji wetu hashindwi kwa uvivu wa mikono. Anashindwa mnadani, kabla hata ya kuwasha boila.

Ngazi ya juu kabisa ni nchi. Mwaka 1950 wachumi Raúl Prebisch na Hans Singer walieleza, kila mmoja kwa njia yake, kwamba bei za malighafi huelekea kubaki nyuma ya bei za bidhaa za viwandani kadiri miaka inavyokwenda. Mwalimu Nyerere alilifafanua kwa mkonge na trekta: tani zilizohitajika kununua trekta moja mwaka 1972 zilikuwa zaidi ya maradufu ya zile za mwaka 1965. Nchi yenye zao moja au mawili ya kuuza, na madeni ya kulipa kwa dola kwa tarehe maalumu, nayo haina nafasi ya kusubiri.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliopata sheria yake mwaka 2005 na kuanza kutumika katika korosho msimu wa 2007/08, ulibuniwa kumpa mkulima uwezo huo: aweke mzigo ghalani, apate stakabadhi, akopee kwayo, auze bei inapokuwa nzuri. Kwa vitendo, wakulima wengi wameishia kusubiri malipo badala ya kusubiri bei. Ni kasoro kubwa, na kila wiki ya kucheleweshwa inampelekea mtu wa kangomba mteja mpya. Hata hivyo, mnada wa wazi ambao wanunuzi wanashindana kwa barua za zabuni au kwa mtandao ni bora kuliko bei ya mlangoni, na wanaotaka urudi ule utaratibu wa zamani wa kila mnunuzi na mizani yake nadhani wamesahau mizani ile ilivyokuwa.

Je, kupiga marufuku ghafi? Vuka mto Ruvuma uone. Msumbiji ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baada ya uhuru ilizuia ghafi isitoke ili viwanda vyake vipate kazi. Katika miaka ya 1990 Benki ya Dunia iliishinikiza ipunguze ushuru wa kusafirisha ghafi, kwa hoja kwamba mkulima angepata bei nzuri zaidi. Viwanda vingi vilifungwa na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakapoteza ajira. Utafiti wa mchumi Dani Rodrik na wenzake uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba kaya ya kawaida ya mkulima ilinufaika kwa dola tano na ushei tu kwa mwaka, kwa kuwa sehemu kubwa ya nafuu ilinaswa na wafanyabiashara wa kati. Mdogo wako atafurahia habari hiyo, na ana haki. Lakini asome pia upande wa pili: wakati wa marufuku, mkulima wa Msumbiji alilipwa kidogo mno ili kiwanda kipate malighafi ya bei rahisi, na wengi waliacha kutunza mikorosho.

Sisi wenyewe tulijaribu kwa ghafla. Mwezi Novemba 2018, bei za mnadani zilipokataliwa, serikali ya Rais Magufuli iliamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kutuma malori ya jeshi kuzibeba. Bei ilikuwa nzuri na nia ya kubangua nyumbani ilitangazwa, ila uwezo wa viwanda vilivyokuwa vikifanya kazi ulikuwa mdogo mno mbele ya mzigo wa zaidi ya tani laki mbili. Korosho zilikaa maghalani, wakulima wengi wakasubiri fedha zao kwa miezi, na hatimaye sehemu kubwa iliuzwa ghafi. Katika miezi hiyo ya kusubiri, ni nani aliyefaidi huko kwenu? Waulize wazee. Watakutajia mtu wa kangomba.

Upo pia ushuru wa kusafirisha ghafi, wa asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kinachozidi. Kusudi lake ni kumlinda mbanguaji wa ndani, lakini mnunuzi anapotoa zabuni hupunguza bei kwa kiasi anachojua atatozwa, hivyo sehemu ya ushuru huo inatoka kwa baba yako. Kubeba mzigo huo si dhambi iwapo fedha zinarudi katika salfa, miche, utafiti na viwanda. Ndiyo maana wabunge wa kusini walipaza sauti mwaka 2018, sheria ilipobadilishwa na sehemu ya asilimia 65 iliyokuwa ikienda katika maendeleo ya zao ikaelekezwa kwenye Mfuko Mkuu wa serikali. Kijana wa chuo anayetaka kupigana na unyonyaji angepata uwanja mzuri hapo: katika hesabu za ushuru, katika vitabu vya AMCOS, katika muda wa malipo. Ni kazi isiyo na shangwe, nakiri.

Nije kwa kikundi chenu. Kubangua mnaweza, kukopa ili kubangua, kwa sasa, nashauri msifanye. Mkikopa mtanunua ghafi kwa bei ileile anayonunua mwenye meli, mtalipa riba kubwa kuliko yake, na punje zenu nyingi zitavunjika mwaka wa kwanza kwa sababu mikono bado haijazoea. Bei ya punje nzima nyeupe na bei ya vipande ni mbingu na ardhi. Badala yake kila mwanachama achangie sehemu ndogo ya mavuno yake, mchague zilizokauka vizuri, mjifunze mwaka mzima kwa mzigo mdogo ambao hata ukiharibika hakuna atakayeuza shamba. Msiguse maganda bila glavu au mafuta mikononi, kwa kuwa utomvu wake unababua ngozi. Kabla ya kuhamisha hata gunia moja, mwende Bodi ya Korosho, ambayo makao yake makuu yako Mtwara mjini, mpate utaratibu wa kibali, maana ghafi isiyo na nyaraka ikikamatwa barabarani itahesabiwa kuwa kangomba. SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, watawasaidia kwa mashine ndogo na mafunzo. Soko msilitafute Ulaya. Ushuru wa forodha wa Ulaya si kikwazo kwa korosho karanga za Tanzania, kinyume na watu wengi wanavyodhani, lakini wanunuzi wa huko wanataka makontena na vyeti ambavyo hamna. Hoteli, maduka na abiria wa mabasi wa hapa nchini wanataka pakiti safi yenye alama ya ubora ya TBS, na huko ndiko mtakuwa wakaangaji na wenye nembo, pale penye nyama.

Nimalizie na yule jirani. Kilo 1,000 kwa shilingi 1,500,000 ni shilingi 1,500 kwa kilo. Tuseme bei ya Oktoba ni ileile ya 3,200 na makato yanachukua 400. Kilo hizo zingempa baba shilingi 2,800,000. Atakuwa amelipa 1,300,000 kwa ajili ya kukopeshwa 1,500,000 kwa miezi michache, karibu asilimia 87. Hata VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) inayotoza asilimia tano kwa mwezi, ambayo kwangu ni riba kali, ingemgharimu asilimia 30 kwa miezi sita. Na hiyo ndiyo hali nzuri. Mvua ikinyesha wakati wa maua, au ubwiriunga ukiingia kwa kukosa salfa, ekari sita zinaweza zisifikishe kilo 1,000, na hapo miaka mitano ya mavuno inakwenda kwa deni ambalo lingeweza kulipwa kwa msimu mmoja.

Ada nazo ni kweli, sizipuuzi. Mwende kwanza shuleni mkaombe kulipa kwa awamu, kwa maandishi. Kama mna ufuta, mavuno yake ya Mei na Juni yanawahi kuliko korosho, na mbaazi hufuata. Ikibidi kukopa, kopeni kiasi cha ada pekee, katika SACCOS au VICOBA, deni litajwe kwa shilingi na lilipwe kwa shilingi, kamwe si kwa kilo wala kwa miti.

Mimi ni mchumi wa kilimo, si mwanasheria, kwa hiyo karatasi yoyote inayotaja rehani ya mikorosho aione mtu wa msaada wa kisheria au wakili, mama akiwepo, na ofisi ya kijiji ijue. Afisa ushirika wa wilaya ndiye wa kumwona kuhusu malipo yaliyochelewa. Nendeni na stakabadhi zenu na vipande vya mizani. Kuhusu mikorosho iliyozeeka au inayougua, taasisi ya utafiti wa kilimo ya TARI Naliendele iko jirani na Mtwara mjini na wataalamu wake hufundisha kupogoa na kubadilisha miti. Na endapo baba ameshapokea fedha kabla jibu hili halijawafikia, msimkaripie wala msifiche. Mrudishieni jirani fedha zake mapema iwezekanavyo, mbele ya mtendaji wa kijiji na mashahidi wawili, aandike kwa mkono wake kwamba amepokea na kwamba hana dai lolote juu ya mikorosho. Akikataa kupokea au akianza kutoa vitisho, mtendaji aandike hivyo, na mwende kituo cha polisi siku hiyohiyo.